Saa Tatu ya Nani? Historia ya Karatasi Inayosafiri na Mgonjwa

Nyanya yangu alitolewa nyumbani juu ya kiti cha plastiki. Kile cheupe cha harusini, mwakijua.

Kama wewe ni wa Mji wa Kale huhitaji kuelezwa. Kichochoro chetu hapa Kuze, watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Ngazi za nyumba ni za mbao, kali, na zina giza hata saa sita mchana. Ambulensi haifiki mlangoni. Tuktuk yenyewe yasimama kule nje. Kwa hivyo mtu akizidiwa huko ghorofani, huteremshwa na vijana wa mtaa, kila mmoja na mguu wake wa kiti, na mbele kuna mama mmoja amewasha tochi ya simu akipiga kelele, "Njia! Njia!"

Basi ilikuwa hivyo. Usiku, baada ya isha. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, maneno hayaeleweki. Sisi tulisema presha imepanda. Kumbe ni kiharusi.

Tukafika kliniki ya karibu. Jirani aliyekuwa naye akaulizwa: ilianza saa ngapi? Akasema, saa tatu. Na ni kweli, ilikuwa saa tatu ya usiku. Kwenye karatasi ya kutuhamisha ikaandikwa kwa mkono: 3:00. Basi. Hakuna neno "usiku", hakuna chochote. Tukapelekwa hospitali kubwa, ambayo sitaitaja. Daktari wa huko akaisoma 3:00 kama inavyosomwa kwenye simu yako: saa tisa alasiri. Wakati huo ilikuwa yakaribia saa tano ya usiku. Kwa mujibu wa karatasi, nyanya alikuwa na kiharusi cha masaa manane. Kwa ukweli wa Mungu alikuwa na masaa mawili.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu kuna aina ya kiharusi kinacholetwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, na kuna dawa ya kuiyeyusha. Kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuhakikisha kwamba siyo mshipa uliopasuka. Ukichelewa, hatari yaweza kuzidi faida. Sisemi kwamba nyanya angepewa. Labda picha ingeonyesha mambo mengine. Labda dawa haikuwepo. Labda pesa. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe halikuulizwa, kwa sababu karatasi ilikuwa ishalijibu.

Na hakuna aliyedanganya! Jirani alisema kweli. Nasi aliandika alichosikia. Daktari alisoma kilichoandikwa. Watu watatu wakweli, na katikati yao ukapita uongo.

Sasa sikizeni siri yangu. Wengi mwanijua kwa video za historia ya Mombasa na mwajua niliacha chuo mwaka wa pili. Ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba kozi niliyoiacha ni ya rekodi za afya. Wallahi. Nliona ni ukarani wa kupanga mafaili. Marafiki walikuwa wakinicheka: "Wewe wasomea kabati?" Nkaacha, nkaja kushika kamera. Usiku ule wa kiti nilikuwa pale, na simu mkononi, na sikuandika hata neno moja.

Kwa hivyo posti hii ni deni. Nataka tuangalie historia ya kitu ambacho hakuna mtu hukipiga picha: ile karatasi inayopanda gari na mgonjwa. Ilitoka wapi, nani aliandikwa, nani hakuandikwa, na kwa nini sisi wa vichochoroni bado hatumo.

Gari lilileta tatizo lake

Zamani mtu akiumia, mganga alikuja alipo. Mganga aliona jeraha, aliona damu, aliona nyumba. Hakuhitaji barua ya kumwambia alichokiona mwenyewe.

Mambo yalibadilika vitani. Mwaka 1792, daktari wa jeshi la Ufaransa, Dominique Jean Larrey, alianzisha magari mepesi ya farasi ya kuchukua majeruhi huku vita vyaendelea. Akasisitiza pia kwamba anayetibiwa kwanza ni mwenye hali mbaya zaidi, si mwenye cheo. Wazo zuri. Lakini gari likaleta pengo: anayekuokota siye anayekutibu. Huyu wa pili hakukuona ulipoanguka. Anakuona ukiwa umefungwa bandeji tayari, umenyamaza. Akujuaje?

Miaka sitini baadaye, kwenye Vita vya Crimea, Florence Nightingale aligundua kitu kingine. Hesabu za vifo za jeshi la Uingereza zilikuwa ovyo. Aliporudi kwao akazipanga, akachora michoro, na ikaonekana wazi kwamba askari wengi waliuawa na maradhi ya kuambukiza kuliko risasi. Hakuna jenerali aliyeweza kubishana na mchoro ule. Hapo ndipo rekodi ilipopata kazi ya pili. Ya kwanza ni kumsaidia mgonjwa huyu. Ya pili ni kumwokoa yule ambaye bado hajaumia.

Kufika Vita Vikuu vya Kwanza, majeruhi wa jeshi la Uingereza alifungiwa kadi kwenye nguo yake. Ameumia wapi, amepewa nini. Waliodungwa mofini wangeandikwa alama pajini mwa uso, ili daktari wa mbele asiwaongeze dozi ikawaua. Fikiria: mwili wenyewe ukawa karatasi.

Sasa turudi kwetu. Ile sanamu ya Askari hapa Mombasa umeipita mara ngapi ukiwa kwenye matatu? Inahusu vita hivyohivyo. Lakini wengi waliokufa upande wa Waingereza Afrika Mashariki hawakuwa askari, walikuwa wapagazi. Carrier Corps, ndiyo tukapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walibeba chakula, risasi na majeruhi, kwa miguu, kwenye mvua, wakiharisha damu. Mwaka 1917 ndipo walipokusanywa kwa nguvu kwa wingi zaidi. Hata kwa hesabu za serikali yenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na waliowaua zaidi ni maradhi na lishe mbaya.

Ofisi ya wapagazi ilijaribu kuwaorodhesha. Lakini maelfu walikufa njiani au hospitalini bila mtu kuunganisha mwili na jina na kijiji. Mishahara mingi haikulipwa, ati wenyewe hawapatikani. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti yake kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Angalia hilo pengo jamani. Kati ya laki moja na ushei na laki tatu na nusu! Pengo hilo ni watu ambao hakuna aliyewaandika.

Na msiniambie serikali ya mkoloni haikujua kuandika. Mara tu baada ya vita hivyo ikaanza kutoa kipande, kila mwanamume Mwafrika avae shingoni, jina, alama za vidole na mwajiri wake. Ilipotaka jasho lako, ilijua kukuandika vizuri sana.

Vijana walioambiwa hawaajiriki

Twende Marekani kidogo, kisha ntawarudisha Nairobi, msiwe na wasiwasi.

Miaka ya 1960, ukizidiwa katika mji wa Pittsburgh, wa kukubeba alikuwa polisi na gari lake la wahalifu, au gari la kampuni ya mazishi. Hakuna matibabu njiani. Unatupwa nyuma, mwendo. Tofauti na mkokoteni ni injini tu. Mwaka 1966 aliyekuwa gavana, David Lawrence, alianguka kwenye mkutano wa siasa, akabebwa namna hiyo, na hakupona. Mwaka huohuo daktari Peter Safar, mmoja wa walioanzisha mbinu ya kumpulizia mtu pumzi na kumbonyeza kifua, alimpoteza binti yake kwa pumu. Safar akaamua: matibabu yaanze pale mtu alipoanguka, yasisubiri mlango wa hospitali.

Aliwafundisha nani? Vijana weusi wa mtaa wa Hill District. Wengine hawakumaliza shule. Wengine walitoka Vietnam. Wengine waliitwa watu wasioajirika. Huduma yao iliitwa Freedom House, ikaanza 1967. Walisoma zaidi ya masaa 300, wakajua mapafu na moyo kuliko watu wengi waliowadharau. Mwaka wa kwanza barabarani waliitikia wito zaidi ya 5,000, na kwa hesabu za Safar waliokoa watu wapatao 200.

Na hiyo 200 imetoka wapi? Kwa sababu kila safari iliandikwa. Vijana ambao mji mzima uliwaona hawana maana waliweka ushahidi wa kazi yao, mgonjwa kwa mgonjwa. Mwaka 1974 akaja daktari kijana, Nancy Caroline, akawa mkuu wao wa matibabu. Alikuwa akipanda gari pamoja nao. Mwaka uliofuata mji ukaanzisha huduma yake na Freedom House ikavunjwa, na wengi wa vijana wale wakasukumwa nje. Lakini mafunzo yao hayakufa. Caroline aliyageuza kuwa mtaala, kisha mwaka 1979 akatoa kitabu ambacho wahudumu wa ambulensi dunia nzima wamekisoma, Emergency Care in the Streets.

Sasa ahadi yangu. Nancy Caroline huyohuyo, miaka ya 1980, alikuja kufanya kazi Kenya na AMREF, wale wa madaktari wa ndege, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, mmoja wao Michael Wood. Kazi ya AMREF ilitegemea redio. Hospitali ndogo huko mbali inaita, na mtu wa Nairobi anaamua kama ndege iruke. Haoni mgonjwa. Anasikia sauti tu. Kwa hivyo yule wa upande wa pili lazima aseme kwa mpangilio: mgonjwa ana umri gani, ameanza lini, anapumua vipi, amepewa nini. Ukikosea saa au dozi, ndege nzima imekwenda bure au imechelewa.

Mpangilio huo si uchawi. Mwaka 1968 daktari wa Kimarekani, Lawrence Weed, aliuandika hivi na bado mahospitali huutumia: kwanza alichokwambia mgonjwa, pili ulichokiona na kukipima wewe, tatu unachodhani ni nini, nne utakachofanya. Mambo manne. Siri yake ni kutovichanganya. "Amelewa" si kitu ulichokiona, ni unachodhani. Ulichokiona ni kwamba anayumba na hajibu vizuri. Na mtu aliyeshukiwa sukari huyumba hivyohivyo. Neno moja baya kwenye karatasi, na mtu wa sukari amelazwa pembeni apumzike pombe isiyokuwepo.

Hii nilifundishwa darasani. Nilikuwa nimelala.

Siku ambazo hakukuwa na wa kuandika

Kila mtu wa Mombasa mwenye umri wa mamangu aikumbuka tarehe 29 Aprili 1994. Feri ya Mtongwe ilikuwa imeruhusiwa watu 300. Ikapakia kama 400. Ikapinduka mita kama arobaini tu kutoka ufukweni, karibu hivyo kwamba mtu wa nchi kavu angeona nyuso. Walikufa 272.

Feri haiandiki majina ya abiria. Unapanda, unavuka, unashuka. Siku ya kawaida huoni tatizo. Siku ya msiba, orodha ya abiria inaanza kutungwa na wasiorudi nyumbani: mama anasema mwanangu hajafika kazini, mwenye duka anasema fundi wangu hajafika. Orodha iliyoandikwa na machozi.

Miaka minne baadaye, 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, bomu la ubalozi wa Marekani likalipuka Nairobi. Waliuawa 213, wakaumia maelfu. Dar es Salaam siku hiyohiyo waliuawa 11. Majeruhi wa Nairobi walibebwa na chochote chenye magurudumu: matatu, pikapu, magari ya watu waliokuwa wakipita tu. Hiyo ni sifa ya Wakenya na sitaki kuipunguza hata kidogo. Lakini fikiria upande wa daktari. Mlango wafunguliwa, watu kumi wa damu waingia kwa mpigo, dereva ashageuza gari kwenda kuleta wengine. Nani ameumia dakika ngapi zilizopita? Huyu alizimia tangu mwanzo au amezimia njiani? Nani alimfunga huyu mguu, na saa ngapi? Hakuna karatasi, na aliyejua ameondoka na matatu yake.

Bado kuna tulichojifunza. Tunajua kwamba wengi waliumia macho. Walisikia kishindo cha kwanza, kidogo, wakakimbilia madirishani kuangalia, na mlipuko mkubwa ukawakuta wamebandika uso kwenye kioo. Tunajua kwa sababu walionusurika walihojiwa na wakaandikwa. Leo ukisikia kishindo na mtu akakwambia kaa mbali na dirisha, ushauri huo umetoka kwenye nyuso za watu wa Nairobi.

Haki ipo, ushahidi uko wapi?

Tukaja kwenye sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne likaipa kaunti kazi ya ambulensi. Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na yale ya kabla ya hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi, na kupanga uhamisho wake. Soma tena hapo: kabla ya hospitali. Yaani kile kiti cha plastiki nacho kimo kwenye sheria.

Lakini haki ni lazima uweze kuonyesha ilivunjwa wapi. Oktoba 2015, Nairobi, Alex Madaga aligongwa na gari. Akazungushwa ndani ya ambulensi kutoka hospitali moja hadi nyingine, masaa 18, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Akafa. Nchi nzima ilishtuka, kwa sababu kulikuwa na namba: 18. Na namba hiyo ilikuwepo kwa kuwa alikuwa kwenye gari lenye wahudumu, lenye saa ya kutoka na saa ya kufika, mlango kwa mlango.

Sasa niulize. Wangapi wamezungushwa hivyo kwa tuktuk? Kwa boda, wamekaa katikati, ndugu amewashika kwa nyuma? Hatuna hata namba ya kukasirikia. Kisichoandikwa hakiwezi kushtakiwa, na pia hakiwezi kurekebishwa. Ukitaka kuiambia kaunti kwamba Mji wa Kale unahitaji machela nyembamba za kupita vichochoroni, au pikipiki ya huduma ya kwanza, itakuuliza: ni wagonjwa wangapi kwa mwaka? Wanacheleweshwa dakika ngapi? Utasema "wengi". "Wengi" haipati bajeti.

Na ajabu ni kwamba mji huu ni wa waandishi tangu jadi. Manahodha wa majahazi walioshusha nanga Bandari ya Kale walikuwa na madaftari ya safari: siku, upepo, shehena. Mwenye duka wa hapa chini yajua nani adaiwa sukari nusu kilo tangu Ramadhani. Tunaandika deni. Tunaandika michango ya harusi mpaka shilingi mia. Mgonjwa ndiye hatumwandiki.

Halafu sisi wa kizazi hiki tunajiona tumemaliza, kwa sababu tuna kamera. Ajali ikitokea simu ishirini ziko juu. Lakini kurekodi si kuandika. Video ya mtu akilia haimwambii daktari chochote, na ukiipandisha mtandaoni umemvua nguo mtu asiyeweza kukukataza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Karatasi ya mgonjwa ina msomaji mmoja: anayempokea. Mimi mwenyewe nina klipu ya kiti kikishuka ngazi. Hakuna atakayeiona.

Simu ilijua

Siku ya pili, khalati yangu wa Maskati alipiga akilia. Akasema, "Lakini jana si alinitumia sauti? Alikuwa mzima kabisa!" Tukafungua simu ya nyanya. Ujumbe wa sauti, saa ya simu yaonyesha 8:52 usiku, yaani saa tatu kasoro dakika nane. Nyanya yuwaongea sawasawa, auliza bei ya mchele huko, acheka. Hapo ndipo tulipojua kwa uhakika, na ushahidi, kwamba saa tatu kasoro alikuwa salama. Madaktari huiita saa ya mwisho kuonekana mzima, na kwenye kiharusi ndiyo saa yenye thamani kuliko zote. Ilikuwa mfukoni mwetu usiku kucha. Mimi, niliyesomea rekodi, sikuitafuta.

Kwa hivyo nimechapisha kadi. Si ugunduzi, ni yale mambo ya Weed na ya redio, nimeyaleta kichochoroni. Nimeibandika nyuma ya mlango wetu na baadhi ya majirani wameichukua. Ina mistari sita:

Saa ya mwisho alipoonekana mzima, na uandike MCHANA au USIKU.
Saa ilipoanza, vilevile.
Tulichokiona kwa macho. Si tunachodhani.
Tulichofanya na tulichompa, hata kama ni maji ya sukari, hata kama ni dawa ya kienyeji. Usione haya.
Dawa anazotumia, au piga picha pakiti zote.
Jina na simu ya mtu aliyekuwepo, ili daktari akiwa na swali ampigie.

Na tafadhali, anayevuja damu zuia damu kwanza. Asiyepumua msaidie kwanza. Piga simu, 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hakuna anayeokolewa na kalamu peke yake. Wahudumu wa ambulensi wenyewe mikono ikiwa na kazi huandika saa kwenye glavu au kwenye kipande cha plasta walichobandika pajani, wakahamisha baadaye. Wewe pia waweza kuandika mkononi mwako, au ujitumie sauti mwenyewe: "Ni saa tatu na dakika tano usiku, mdomo umekwenda upande." Sekunde nne.

Mtu wa kliniki akikuuliza saa, usijibu "saa tatu" ukanyamaza. Sema "saa tatu usiku, tisa ya simu". Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua likichomoza na likizama, na sitaki iondoke. Nataka tu isimuue mtu njiani kati ya mdomo na karatasi.

Nyanya yuko hai, alhamdulillahi. Mkono wa kulia bado mzito na maneno huja polepole, lakini huja. Nilipomsomea ile karatasi ya hospitali, akanyamaza, halafu akanitazama kama mimi ndiye niliyeiandika.

"Saa tisa alasiri?" akasema, neno moja moja. "Saa tisa alasiri mimi nilikuwa… nakaanga kaimati. Nawe… ulikula."

Ni kweli. Nilikula saba.